Kutoka CNA hadi LPN kwa mwaka mmoja: namna ya kuanza kozi ya haraka ya uuguzi katika chuo cha jamii Marekani

Kozi ya LPN ya mwaka mmoja hushinda au hushindwa kabla ya siku ya kwanza ya darasa. Nimewaona wenzetu wenye akili na bidii wakiiacha katikati, na mara chache sana masomo ndiyo yaliyowashinda. Ilikuwa chanjo iliyokosa dozi ya tatu, transkripti iliyokwama Lubumbashi, zamu za usiku ambazo bosi hakukubali kuzipunguza, au mtoto asiye na wa kubaki naye saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo maana hapa nitakaa sana kwenye miezi sita inayotangulia kozi. Miezi hiyo ikienda vizuri, mwaka unabebeka.

Nawalenga hasa mnaofanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kwenye makao ya wazee au majumbani kwa wagonjwa, mliokwisha kujua harufu ya wodi na uzito wa kumgeuza mgonjwa kitandani, na sasa mnataka leseni.

1. Hakikisha LPN ndiyo unayoitaka

LPN ni muuguzi mwenye leseni anayefanya kazi chini ya RN (muuguzi msajiliwa, wa ngazi ya juu yake) au daktari. Texas na California wanamwita LVN, lakini mtihani ni uleule. Hutoa dawa, huchoma insulini, husafisha na kufunga vidonda, hutia katheta, na kwenye makao ya wazee mara nyingi ndiye anayeongoza CNA wa zamu yake. Kuhusu dawa za mishipani, kila jimbo lina sheria yake. Kazi nyingi ziko kwenye makao ya wazee, huduma za nyumbani, kliniki na magereza. Kama ndoto yako ni chumba cha upasuaji au ICU, jua mapema kwamba hospitali nyingi huko hutaka RN.

Kimapato tofauti ni kubwa. Kwa takwimu za Wizara ya Kazi za Mei 2023, nusu ya LPN walilipwa zaidi ya dola 59,730 kwa mwaka. Kwa CNA kiwango hicho kilikuwa dola 38,200.

Kama ulikuwa nesi nchini kwenu, simama hapa kwanza. Mwenye KRCHN ya Kenya, diploma ya uuguzi ya Tanzania au A1 ya Kongo asikimbilie kujiandikisha LPN kama mtu anayeanza sifuri. Iulize Bodi ya Uuguzi ya jimbo lako inataka vyeti vya nje vikaguliwe na nani. Majimbo mengi hutumia shirika la CGFNS, ambayo siku hizi inaitwa TruMerit. Huenda ukaruhusiwa kufanya mtihani wa RN moja kwa moja, au ukaambiwa masomo mawili matatu tu ndiyo yanayopungua. Ukaguzi huo huchukua miezi, ila miezi hiyo ni rahisi kuliko mwaka mzima wa kufundishwa kupima presha uliyoipima miaka kumi.

2. Chagua chuo kwa kuuliza maswali manne

Piga simu au nenda mwenyewe, ukiwa umeyaandika.

La kwanza: je, kozi imeidhinishwa na Bodi ya Uuguzi ya jimbo? Usitosheke na jibu la mtu wa mapokezi. Orodha ya kozi zilizoidhinishwa iko kwenye tovuti ya bodi yenyewe, na bila idhini hiyo hutaruhusiwa kukaa mtihani wa leseni.

La pili: wahitimu wao wanafaulu NCLEX-PN, yaani mtihani wa leseni ya LPN, kwa asilimia ngapi katika jaribio la kwanza? Hii nayo majimbo mengi huitangaza. Mimi nikiona chuo kiko chini ya 80 miaka miwili mfululizo, natafuta kingine.

La tatu: je, kina ithibati ya kitaifa, kama ile ya shirika la ACEN? Si lazima kwa leseni. Lakini ukitaka kuendelea hadi RN, ithibati hiyo mara nyingi ndiyo inayoamua kama krediti zako zitapokelewa.

La nne: “haraka” yao ina maana gani? Kuna wanaofundisha miezi 12 mfululizo bila likizo ya kiangazi, na kuna wanaobana muhula wa wiki 16 uwe wa wiki 8. Wengine husema mwaka mmoja bila kuhesabu masomo ya awali, na hayo peke yake yanaweza kula mihula miwili. Omba ratiba kamili, siku kwa siku, pamoja na saa za mafunzo ya wodini.

Mtu akikuambia anaweza kukupatia diploma ya uuguzi bila kukanyaga wodini, kimbia. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kesi iliyoitwa Operation Nightingale: vyuo vya Florida vilikuwa vimeuza diploma na transkripti za uongo zaidi ya 7,600. Walionunua walilipa maelfu ya dola, na bodi za majimbo mbalimbali zikaanza kuwafutia leseni. Jamii zetu za wahamiaji ndizo zinazowindwa na mawakala wa aina hii, tena wakala mara nyingi ni mtu tunayesali naye.

3. Makaratasi ya shule na jina lako

Utahitaji ushahidi kwamba ulimaliza sekondari. Mwenye KCSE, cheti cha Kidato cha Nne au Diplôme d’État atakitafsirisha kama hakiko kwa Kiingereza, kisha kitathminiwe na shirika ambalo chuo kinalikubali, kwa kawaida mwanachama wa NACES, muungano wa mashirika ya kutathmini vyeti, kama WES au ECE. Kama vyeti viliteketea vitani au shule yenyewe haipo tena, usipoteze mwaka kumwinda katibu wa shule. Fanya mtihani wa GED au HiSET, unaohesabika sawa na kumaliza sekondari. Vyuo vingi vya jamii vinafundisha maandalizi yake bure au kwa ada ndogo, na kusoma huko kunakuandaa pia kwa hesabu na Kiingereza cha kozi.

Jina nalo linahitaji macho makali. Wengi wetu tuna majina matatu ambayo yamepangwa kwa namna tofauti kwenye kila karatasi: la babu limekuwa la ukoo kwenye green card, limepotea kwenye kadi ya Social Security, na kwenye cheti cha shule limeandikwa kwa herufi nyingine. Siku ya mtihani wa leseni, jina kwenye kibali na jina kwenye kitambulisho lazima yafanane, la sivyo hufungui kompyuta. Chagua namna moja sasa, iliyo kwenye kitambulisho chako halali, uitumie kila mahali kuanzia fomu ya kwanza ya chuo.

4. Chanjo: anza leo

Watu hulichukulia jambo hili kuwa la wiki moja. Chanjo ya kawaida ya homa ya ini B ni dozi tatu: ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Kisha kuna kipimo cha damu, mwezi mmoja au miwili baadaye, kuonyesha kwamba kinga imeshika. Hesabu mwenyewe. Ukianza siku uliyopokea barua ya kukubaliwa, kozi itaanza hujamaliza, na hospitali zinazopokea wanafunzi zinaweza kukukataa. Ipo Heplisav-B, ya watu wazima, inayokwisha kwa dozi mbili ndani ya mwezi. Muulize mfamasia.

Kabla ya kuchomwa upya, tafuta rekodi ulizonazo. Waliokuja kama wakimbizi walichanjwa kambini kabla ya safari, na karatasi zake ziko kwenye ule mfuko mweupe wa plastiki wa IOM, shirika la uhamiaji, ulioushika uwanja wa ndege. Usiutupe. Waliopata green card wakiwa hapa hapa wana orodha ya chanjo kwenye fomu ya I-693 ya daktari wa uhamiaji. Na kama uliugua tetekuwanga utotoni, omba kipimo cha damu cha kinga kabla ya kukubali sindano mbili.

TB ndiyo inayotusumbua kuliko zote. Wengi tulichanjwa BCG tukiwa wachanga, na kovu bado liko mkononi. Kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, ukaandikwa una maambukizi na kupelekwa kupiga eksirei. Omba tangu mwanzo kipimo cha damu, kama QuantiFERON, ambacho hakichanganywi na BCG. Lingine: chanjo ya surua ya MMR inaweza kuharibu majibu ya TB, kwa hiyo vifanywe siku moja au usubiri wiki nne baada ya chanjo. Kama kipimo cha damu nacho kitasema yapo maambukizi yaliyolala, usiogope wala usifiche. Yana dawa, na mtu aliyeyapata bila kuugua anaweza kuendelea na kozi akiwa na barua ya daktari.

Pamoja na hayo kuna ukaguzi wa rekodi ya polisi na alama za vidole, kadi ya BLS ya ufufuaji inayodumu miaka miwili, na kipimo cha dawa za kulevya. Bangi itakuangusha hata kama jimbo lako linairuhusu dukani.

5. Fedha

Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Ni bure, iko studentaid.gov, na haistahili kumlipa mtu akujazie. Kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1 kwa mwaka wa masomo unaofuata, na hutumia kodi ya miaka miwili nyuma, kwa hiyo aliyekuwa hajafaili kodi aanzie huko. Mwenye green card anaingia, na waliopewa ukimbizi au hifadhi wanaweza kuomba pia wakiwa na karatasi zao za uhamiaji. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, kiwango chake cha juu kwa mwaka wa 2025–26 ni dola 7,395. Kwenye vyuo vingi vya jamii hiyo inalipa sehemu kubwa ya ada.

Kuna mtego ambao haujulikani sana. Mwenye shahada ya kwanza hapati Pell, hata kama shahada ni ya Makerere, Dar es Salaam au Kinshasa na hakuna mwajiri wa hapa aliyewahi kuijali. Usiifiche kwenye fomu. Nenda kwenye misaada mingine.

Na misaada ipo. Michigan Reconnect na Tennessee Reconnect huwalipia ada watu wazima wasio na shahada. Massachusetts imeondoa ada ya vyuo vya jamii kwa wakazi wasio na shahada ya kwanza, na Minnesota ina North Star Promise kwa familia zenye kipato chini ya dola 80,000. Kila mpango una masharti yake, hasa la muda ulioishi jimboni. Ofisi za ajira ziitwazo American Job Center zina fedha za serikali ziitwazo WIOA za kulipia mafunzo ya kazi zinazohitajika, na uuguzi karibu kila mahali umo. Mwisho, muulize mwajiri wako. Sheria ya kodi inamruhusu kukulipia masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi, na makao ya wazee yenye uhaba wa wauguzi hufurahia kufanya hivyo. Soma mkataba kabla ya kutia saini: utafungwa muda gani baada ya leseni, na ukiondoka mapema utarudisha kiasi gani?

6. TEAS na masomo ya awali

Vyuo vingi huchuja waombaji kwa TEAS, mtihani wa kujiunga wa kampuni ya ATI. Vingine hutumia HESI A2. TEAS ina maswali 170 kwa dakika 209: kusoma 45, hesabu 38, sayansi 50, Kiingereza 37. Wengi wetu tunaogopa Kiingereza, kumbe kinachotuangusha ni kasi ya kusoma. Jipe miezi mitatu, soma kila siku, na pima muda kwa saa ya mkononi. Kwenye sayansi, sehemu kubwa kuliko nyingine ni anatomia na fiziolojia, kwa hiyo ukisoma somo hilo chuoni kwanza, TEAS ifuate mara baada ya mtihani wake.

Masomo ya awali (anatomia, saikolojia, uandishi wa Kiingereza) yachukue moja au mawili kwa muhula huku ukifanya kazi. Ukiyamaliza kabla, mwaka wa kozi unabaki na uuguzi tu. Huu ndio ushauri ninaoutilia mkazo kuliko mwingine wowote.

7. Kaa na watu wako

Kozi ya haraka inataka saa 35 hadi 45 za darasani, wodini na vitabuni kwa wiki. Wodini unatakiwa uwe umevaa sare na umepokea ripoti kufikia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ukikosa siku mbili tatu unaweza kuondolewa. Kazi ya kudumu ya saa 40 haiingii hapo. Kinachowezekana ni zamu mbili za saa 12, Jumamosi na Jumapili, na hata hizo zikupe usingizi. Usifanye kazi usiku wa kuamkia wodini, hata wakikuongezea nusu ya mshahara. Utakayempa dawa asubuhi hiyo ni mama wa mtu.

Kisha kuna nyumbani. Wanaotegemea fedha zako Bukavu, Eldoret au Tabora waambiwe mapema, kwa simu ndefu ya utulivu, kabla ya ada ya kwanza kudaiwa. Sema kiasi utakachoweza kutuma kwa mwezi, sema mwezi utakaorudi kawaida, na mpe kaka au shangazi mmoja kazi ya kuwaeleza wengine. Wakijua mwanzo na mwisho, watavumilia. Wasipojua, kila msiba na kila karo itakuja kwako wiki ya mtihani, na moyo wako utaenda nayo.

Kama uko kwenye upatu au chama, omba zamu yako ya kupokea iangukie mwezi wa kwanza wa kozi. Vitabu, sare, viatu, stetoskopu na ada ya programu za mazoezi hudaiwa kwa pamoja. Mwambie mchungaji au imamu pia, ili kamati ya harusi isikuhesabu. Mtoto awe na walezi wawili, wa kawaida na wa dharura, na wa dharura asiwe mtu anayefanya kazi zamu moja na wewe.

8. Ukiwa ndani: hesabu za dawa

Kozi nyingi zina mtihani wa hesabu za dawa unaotaka asilimia 90 au hata 100, na nafasi za kurudia ni chache. Hesabu zenyewe ni za darasa la saba. Chukua mfano: mtoto ana paundi 44, daktari ameagiza miligramu 15 kwa kila kilo, na chupa ina miligramu 160 ndani ya mililita 5. Gawa 44 kwa 2.2, upate kilo 20. Zidisha kwa 15, upate miligramu 300. Gawa 300 kwa 160, zidisha kwa 5, upate 9.375, nawe utavuta mililita 9.4.

Hatari iko kwingine. Waliosoma kwa Kifaransa walizoea kuandika 0,25 kwa koma. Hapa koma hutenga maelfu: 1,500 ni elfu moja na mia tano, na moja na nusu huandikwa 1.5. Zoeza mkono wako kabla ya kozi kuanza. Andika 0.25, kamwe usiandike .25, kwa sababu nukta ikififia mgonjwa atapewa 25. Na usiandike 5.0, maana itasomwa 50.

Majina ya dawa nayo yatakuchanganya. Panadol uliyokua nayo, yaani paracetamol, hapa inaitwa acetaminophen. Salbutamol ni albuterol, adrenalini ni epinephrine. Tengeneza kadi zako wiki ya kwanza.

Kuwa CNA kutakusaidia sana kitandani, na kutakuponza kwenye mtihani kama utajibu kwa mazoea ya kazini. Swali linapouliza mgonjwa yupi umwone kwanza, jibu linafuata njia ya hewa, kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu. Anayelia kwa maumivu ya goti husubiri yule aliyekaa kimya na midomo ikianza kuwa ya bluu.

9. Leseni

Mwezi wa mwisho wa kozi, omba leseni kwa bodi ya jimbo na ujiandikishe NCLEX-PN kwa Pearson VUE, kampuni inayosimamia mtihani, dola 200. Ukipokea ATT, yaani kibali cha kufanya mtihani, chagua tarehe ndani ya wiki sita, kwa sababu kila mwezi unaopita unakusahaulisha. Mtihani ni wa kompyuta inayokupandishia au kukushushia ugumu kufuatana na majibu yako. Una maswali kati ya 85 na 150 na muda wa saa tano, na tangu Aprili 2023 unajumuisha visa vya wagonjwa vyenye maswali yanayofuatana. Kompyuta ikisimama kwenye swali la 85, haina maana umefeli. Ukifeli kweli, unaweza kurudi baada ya siku 45, na barua ya matokeo itakuonyesha maeneo uliyokuwa dhaifu.

Kama jimbo lako limo kwenye mkataba wa leseni wa majimbo, ambao sasa una majimbo zaidi ya 40, omba leseni ya majimbo mengi tangu mwanzo. Utaweza kufanya kazi kwenye majimbo mengine ya mkataba bila kuomba upya kila unapopita, ila ukihamia kuishi jimbo jingine utaomba leseni ya huko. Na mtaala wa kila somo ulilofanya, ule wenye mada na saa za wodini, uhifadhi kwenye kompyuta na kwenye karatasi. Siku utakapoomba kujiunga na kozi ya daraja kutoka LPN kwenda RN, ofisi ya usajili itauomba kabla ya kukuhesabia krediti hata moja.